Gari la Morio Kiganjani

Fusae alikuwa amesahau kicheko cha mumewe. Vitu vingine vya Morio alivikumbuka vyote: alivyokoroma, alivyopuliza chai hata ikiwa imepoa, soksi zake zilizotoboka kidole kilekile kila mara. Lakini kicheko, hakuna. Miaka mitatu tangu afariki, na kicheko kilikuwa kimemtoka kichwani kama mgeni mwenye adabu, anayefunga mlango polepole ili asiwaamshe watu. Picha ya marehemu sebuleni, ambayo kila asubuhi aliiwekea kijibakuli cha wali na kikombe cha chai, haikumsaidia. Kwenye picha ile Morio amenuna kama mtu aliyekanyagwa ndani ya treni.

"Cheka basi," Fusae humwambia. "Wali nimepika mimi, wewe kucheka tu unashindwa?"

Ajabu ni kwamba gari alilikumbuka lote. Gari la kwanza la Morio, la milango miwili, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, lile alilokuwa akija nalo kumchukua enzi za uchumba. Siku moja ya baridi alipita mbele ya duka linalouza magari ya plastiki ya kuunganisha mwenyewe. Shizuoka, mji wake, maduka hayo hayakosekani, kwa kuwa vitu vyenyewe hutengenezwa palepale mjini. Akaliona kwenye boksi, limechorwa likipanda mlima. Gari lilelile, limepunguzwa mara ishirini na nne. Akasimama pale mpaka mwenye duka akatoka kumuuliza kama anaumwa.

"Naumwa," akasema Fusae. "Nifungie lile."

Moyoni alikuwa na hesabu yake. Kicheko hakijafa, kimesahaulika tu ndani ya gari, kama mwavuli. Akilijenga gari vizuri, bila kuruka kitu, atakikuta.

Akajiunga na kikundi cha wajenzi kinachokutana kila Alhamisi alasiri, ghorofani juu ya duka la samaki. Wanaume watupu, wote wazee. Mwenyekiti ni Tamotsu, aliyechonga vyuma vya kumiminia plastiki kiwandani kwa miaka arobaini, na kando yake hukaa Kisaburo, daktari wa meno mstaafu, ambaye bado anatumia vyuma vyake vilevile, ila sasa anavichokonolea injini.

"Mama, umepotea njia," Tamotsu alimwambia siku ya kwanza. "Darasa la kupanga maua ni mtaa wa pili."

"Maua yananipigisha chafya. Nisogezee kiti."

Wakasogeza. Wiki ya tatu wakaacha kucheka, maana Fusae alikuwa fundi wa kushona kimono maisha yake yote, na mkono wake hautetemeki. Nyaya za injini alizitengeneza kwa uzi wa hariri. Zulia la chini ya viti alilikata kutoka kitambaa kikuukuu, akakisugua mpaka kikawa na manyoya mafupi kama ya panya. Pindo za viti, huwezi kuamini, alizishona.

"Ningekuwa na mkono huo," alisema Kisaburo, "nisingemtoa mtu damu hata siku moja."

"Umechelewa, daktari. Meno yangu nayaloweka kwenye glasi."

Kila Alhamisi Fusae aliinamia lenzi kubwa ya kikundi, yenye taa, na baada ya muda sauti za wazee zikawa zinakwenda mbali. Gari likawa linakua, au yeye anapungua, hakujua lipi. Akawa ameketi kwenye kiti cha abiria, mkoba mapajani. Nje mistari ya michai ilipita, kijani juu ya kijani, na mlima Fuji ulikuwa ukiwafuata nyuma kama mtu asiye na haraka. Alipopaka usukani, mikono ya Morio ikaja ikaushika. Alipotia kisahani cha majivu, ukaja moshi wa sigara yake. Alipobandika kioo kidogo cha kutazamia nyuma, ikaja kola ya shati, kisha sikio, kisha lile baka la kuzaliwa chini ya sikio. Lakini Morio alitazama barabara tu. Hakugeuka, wala hakutoa sauti.

Fusae alijipa moyo. Vimebaki vioo, aliwaza. Nyumba bila madirisha nani atachekea ndani?

Sasa, kikundi kina sheria mbili. Ya kwanza: vioo hubandikwa kwa gundi nyeupe, ile inayokauka taratibu, usithubutu kutumia ile kali inayoshika papo hapo. Sheria hii Tamotsu aliieleza siku moja kwa dakika ishirini nzima, na Fusae dakika hizo alikuwa kwenye jiko la kona ya chumba, anachovya yai kwenye mchuzi mweusi wa oden, ile sufuria ya vitu vya kuchemsha. Sheria ya pili: vumbi ni adui, ukimaliza funika kazi yako kwa kifuniko cha sanduku la chakula. Hiyo aliijua kama jina lake.

Maonyesho makubwa ya mwezi wa tano yalikuwa Jumamosi. Ijumaa mchana Fusae akabandika vioo nyumbani kwake, na kwa kuwa muda haukutosha, akatumia gundi kali. Vikashika mara moja. Akafurahi, akafunika gari kwa kifuniko, akakibana vizuri pande zote, akaenda zake kuoga.

Asubuhi, kwenye ukumbi, mbele ya meza ya kikundi, akafunua.

Vioo vyote vilikuwa vyeupe. Mvuke wa gundi ulikosa pa kutokea, ukavilalia kwa ndani. Zulia halionekani, usukani hauonekani, zile pindo za viti ndiyo kwaheri.

"Mungu wangu," alisema Kisaburo, kwa sauti ileile aliyokuwa akiitumia alipoona jino lililooza mpaka mfupani.

"Nilisema!" Tamotsu akajishika kichwa. "Sikusema? Gundi kali na kifuniko! Mama Fusae, siku ile masikio yako yalikuwa wapi?"

"Yalikuwa yanakula yai."

"Haya, hakuna kulia. Watu wanaingia baada ya saa moja. Nina vioo vya akiba kwenye boksi langu. Daktari, lete kile chuma chako chembamba, tuving'oe."

Kisaburo alikuwa ameshainua chuma. Fusae alijua vioo vikisha ndiyo mwisho, hakuna kipande kingine cha kubandika. Akalinyanyua gari kwenye kiganja, akalisogeza mpaka likagusa kope zake. Weupe. Weupe mtupu, na kimya.

Kisha akasikia mvua.

Ilikuwa mvua ya mwezi wa sita, juu ya kilima cha Nihondaira. Gari limesimama kando ya shamba la michai, na limesimama muda, na yaliyokuwa yakitendeka mle ndani si ya mtu kuuliza. Vioo vilikuwa vimefunga weupe kwa pumzi zao wawili. Ghafla, ko, ko, ko. Morio akashtuka, akajigonga kichwa, akafuta kiduara kiooni kwa tai. Nje alisimama bibi mmoja mchuma chai, kapu kichwani badala ya mwavuli, akiuliza kwa huruma, "Wanangu, gari limeharibika?"

Na Morio akageuka kumtazama Fusae. Akacheka. Kicheko kilianzia puani kama birika linalotaka kuchemka, kikakwama, kikatoka kwikwi tatu, kisha kikamshukia mpaka magotini, akawa anaupiga usukani kwa kiganja na machozi yanamtoka.

"Mama Fusae?" Sauti ya Tamotsu ilikuwa imelainika. "Basi usilie. Ni kazi ya nusu saa tu."

"Weka chuma chako chini, daktari. Gari hili limekamilika."

"Limekamilika vipi? Ndani hakuonekani!"

"Mlitaka kuona nini?" Fusae alijifuta macho, akaliweka gari mezani katikati ya magari yao yanayong'aa. Akachukua kalamu, na kwenye kadi ya maelezo, chini ya jina lake, akaandika: *Nihondaira, siku ya mvua, wachumba wawili.*

Kisaburo akaisoma. Akalitazama gari. Akaisoma tena, na wekundu ukampanda kutoka shingoni mpaka kwenye upara.

Saa nne milango ikafunguliwa. Mzee mmoja mwenye kofia, mgeni kutoka kikundi cha mji mwingine, alipita meza nzima akitikisa kichwa kwa heshima, akafika kwenye gari la Fusae, akainama. Akavua miwani, akaipangusa, akaivaa tena, akasogeza pua mpaka kwenye mlango.

"Samahani, mama. Mbona sioni? Mle ndani kuna nani?"

"Watu wazima," akasema Fusae. "Piga hodi kwanza."