Mstari Juu ya Kapsoiyo

Chepchirchir alipiga magoti katikati ya pareto, akayatenga maua kwa mikono miwili kama mama amsakaye mwanawe chawa. Mafiga yakaonekana: mawe matatu meusi, yamezama udongoni hadi mabegani.

"Hapa ndipo mama alipopikia," alisema kwa Kikipsigis. "Pale kwa shangazi. Kule, zizi letu. Tulikuwa nyumba nyingi, mwanangu, kabla hatujafukuzwa. Mwambie."

Kosgei, mkalimani kutoka Nakuru, alikohoa. Mwaka huo wa 1956 ramani mpya ya nyanda za Molo ilikuwa ikichorwa, na kila jina la ramani ya zamani lilitakiwa kuthibitishwa kwa macho. Hapa ramani ilisema Kapsoiyo, kwa herufi ndogo kama siafu. Bwana Harding, mpima ardhi, Mzungu kijana asiye na makuu, alikuwa ameikunjua juu ya boneti ya gari, penseli mkononi.

"Anasema nini?"

Nyuma yake alisimama mwenye shamba. Asubuhi ile, barazani, huyo ndiye aliyemmiminia Kosgei chai kwa mkono wake mwenyewe, jambo ambalo hakuwahi kutendewa na Mzungu. Akamdokezea kuwa nafasi ya mkalimani mkuu i wazi, na kwamba wakubwa wa Nakuru humsikiliza. Hakuomba kitu. Kosgei aliinywa chai ile akajiona amerefuka.

Sasa ulimi ulimwia mzito. Ukweli ulikuwa mdomoni tayari, umeshatafsiriwa, umebaki kutemwa tu. Akaumeza.

"Anasema wachungaji walipiga kambi hapa," alijibu kwa Kiingereza. "Wapita njia. Hapajawahi kukaa watu."

"Una hakika? Amesema maneno mengi."

"Wazee wetu hupenda kuzunguka, Bwana." Kosgei akacheka, na kicheko chenyewe akakichukia kabla hakijaisha.

Harding aliyatazama mafiga, akasita, kisha akapiga mstari juu ya jina. Mwenye shamba akawasha kiko, akamwita Harding waende wakaone kisima; ramani ikabaki juu ya boneti.

Chepchirchir alikuwa ameiona penseli ikitembea. "Ameandika?"

"Ameandika, mama."

Uso wa yule mama ukakunjuka. Aliushika mkono wa Kosgei, akautemea mate ya baraka kiganjani. "Kinywa chako kisikauke kamwe. Sasa nionyeshe. Kusoma sijui, lakini nataka kuligusa."

Angeweza kukataa. Badala yake alikichukua kidole kikavu cha yule mama, chenye rangi ya manjano ya pareto, akakiweka juu ya jina.

"Na huu mstari?"

Kosgei aliinyoosha kona ya ramani. "Ni wa kulishikilia," alisema. "Lisipotee."

Chepchirchir aliufuata mstari polepole, mwanzo hadi mwisho, midomo ikimcheza. Kisha akainuka, akapaza sauti shambani: "Njooni! Kapsoiyo imo!"

Wanawake waliokuwa wakichuma pareto wakatua vikapu. Walikuwa mabinti wa watu wa Kapsoiyo, wamezaliwa kwenye vibanda vya vibarua, jina hilo wamelijua kwa kusimuliwa tu. Wakaja wakijipangusa mikono kwenye nguo, wasije wakaichafua karatasi. Upepo ulitaka kuipeperusha, Kosgei akaibana kwa kiwiko, na kwa mkono wa pili akawaongoza vidole, mmoja baada ya mwingine, bila kumtazama yeyote usoni.

Wa mwisho alikuwa na mtoto mgongoni. Alipokwisha kugusa, aligeuka ubavu, akakichomoa kimkono cha mtoto kutoka kwenye mbeleko, akamnyooshea Kosgei.

"Na huyu pia," alisema.