Kamera Iliyomwita Zipora Mwizi

Mimi Adija sina subira na upuuzi, na kamera ile ya getini ilikuwa upuuzi mtupu. Halmashauri walipoifunga sokoni kwetu walituambia itawatambua wezi kwa sura. Haya. Wa kwanza kutambuliwa akawa Zipora, muuza zabibu wa Makutupora, jirani yangu wa meza, mama ambaye ukisahau simu kwake anakukimbilia nayo mpaka stendi!

Kengele ililia, mlinzi akamshika mkono mbele za watu. Eti ndiye aliyeiba vitenge dukani mwezi uliopita. Zipora aliapa, wapi! Jina lake likaingizwa kwenye mashine, akarudishwa na tenga lake kichwani.

"Zabibu nitauza hata barabarani," aliniambia huku analia. "Lakini wajukuu zangu wanaambiwa shuleni bibi yao mwizi."

Roho iliniuma, jamani.

Baraza la madiwani lilipokaa, nilikwenda. Wananchi tunaruhusiwa kusikiliza tu, kwa hiyo nilikaa nyuma nimefura. Fundi alileta kamera yake waone inavyofanya kazi. Mwenyekiti, Mzee Sostenes, Mgogo wa Mvumi, akasimama mbele yake anatabasamu. Kengele ikalia! Kwenye skrini likatokea jina: Zipora. Asiruhusiwe kuingia.

Ukumbi mzima tuliangua kicheko. Mtu na ndevu zake! Mzee hakucheka. Aligusa ndonya yake, ile alama ya duara ambayo Wagogo wa zamani walitiwa kwenye paji la uso. Zipora anayo pia.

"Na huyo mwizi wa vitenge kwenye picha yenu, anayo?" aliuliza.

Fundi aliifungua picha, akaitazama. "Anayo, mheshimiwa."

"Kwa hiyo sisi wote ni mtu mmoja?"

Walipiga kura palepale: kamera za kutambua sura marufuku katika masoko yote ya halmashauri.

Nilipanda basi mpaka Makutupora, nikaingia kwa Zipora na vigelegele. Yeye aliendelea kukata zabibu.

"Wameiondoa kwa sababu imemtukana mzee," alisema. "Mimi niliposhikwa, nani aliitisha kikao?"

Kesho yake nilikwenda kwa Mzee Sostenes, nikampa shikamoo yake, kisha nikamwambia maneno yaleyale bila kupunguza hata moja. Akaniuliza Zipora anakuja lini sokoni.

Jumamosi tulimkuta getini, kofia mkononi.

"Mama huyu hajaiba kitu," alisema kwa sauti, wachuuzi wote wakageuka. "Tulimkosea. Utusamehe, mama."

Machozi yalinitoka bila aibu. Zipora hakulia. Alikuwa amekuja na wajukuu wake wote wanne, akawageukia.

"Mmesikia?"

"Tumesikia, bibi."

Akawatazama mmoja mmoja, kisha akamrudia mwenyekiti.

"Naomba urudie, mzee. Huyu mdogo alikuwa anashangaa mananasi."

Mzee Sostenes akachuchumaa mbele ya yule mtoto, akarudia.