Mwamba Mwekundu wa Ramani ya Mawe

Profesa alipoufungua mchoro mezani, fundi mawe aliutambua kabla haujakunjuka wote. Ulikuwa wa baba yake, rubani wa bandari, aliyeziongoza meli za kigeni kati ya miamba kwa miaka thelathini na kuchora kila alichojifunza. Profesa alikuwa ameuazima kwake "wiki moja tu, mzee wangu." Wiki hiyo ikazaa miaka kumi na mmoja. Sasa jiji lilijenga bustani ya kuwakumbuka wageni waliofanya biashara katika bandari ile kongwe. Katikati ingelala ramani kubwa ya mawe, na kando yake kibao chenye jina la Profesa peke yake.

"Utaweza, mama?" aliuliza. Hakujua anaongea na binti wa nani.

"Nitaweza. Hata jiwe moja sitalihamisha."

Nyumbani baba yake alisema, "Mwachie Mungu, mwanangu."

"Nimemwachia miaka kumi na mmoja, baba. Naye anahitaji kupumzika."

Mzee akacheka hadi akakohoa. "Basi ule mwamba wa kaskazini, uuweke vizuri."

Marubani wa zamani walikuwa na desturi yao. Kila mmoja alitia katika mchoro wake mwamba mmoja wa uongo, mahali pasipopita meli, ili mwizi akinakili ajulikane. Mzee aliuchora wake kwa kufuatisha unyayo wa bintiye akiwa na siku saba.

Fundi aliuchonga kwa jiwe jekundu, la pekee katika ramani nzima, akiukuza hadi ukubwa wa mguu wake wa sasa. Chini akaufunga kwa nondo nne na saruji nzito.

Siku ya ufunguzi, mabalozi walipoizunguka ramani, fundi alinyoosha mkono. "Profesa, tupe habari za huu mwekundu."

"Huo!" Profesa akatanua kifua. "Nimeuzamia mara tatu. Nimeugusa kwa mkono huu. Umezamisha meli nyingi za wageni."

Wakampigia makofi. Fundi alingoja yaishe. Kisha akaketi, akavua buti na soksi, akauweka mguu wake juu ya jiwe. Kisigino kiliingia mahali pake. Vidole vitano vikalala juu ya vidole vitano, hata kile cha mwisho kilichompanda mwenzake.

Kutoka safu ya nyuma mzee akapaza sauti: "Mwamba huo nimeuzaa mimi na mke wangu, Profesa. Wewe uliuzamia wapi?"

Balozi mmoja alianza kucheka, wengine wakamfuata.

Profesa aliinama karibu na sikio la fundi. "Ung'oe. Leo hii."

"Una nondo nne. Ukitoka, unatoka na bandari nzima." Fundi alifunga kamba za buti taratibu, bila haraka, kisha akafungua sanduku lake la kazi na kutoa kibao kipya chenye jina la baba yake. "Lakini jina lako, Profesa, nililibandika kwa gundi tu."