Mkate wa Miki

Nilimwambia Mama Suzana abaki Malindi apumzike. Ana miaka themanini na minane, magoti yamechoka, na njia ya kwetu Vitengeni ina mashimo ya kung'oa mtu meno. Hakunisikia. Mwaka wa kumi na tano huu nampikia, na sijamshinda hata siku moja.

Tulikuwa tunamsimikia koma kaka yangu Fondo, aliyepotelea baharini Ngomeni na mwili wake usionekane. Sisi Wagiriama tukifiwa tunasimamisha kibao cha mti mgumu nyumbani, hata kama marehemu hana kaburi. Ndiyo koma. Tunakifunga kitambaa, tunakimwagia mnazi, yaani tembo, tunazungumza naye. Kwangu ni jambo la kawaida kama kufagia uwanja.

Mama Suzana alikitazama kile kibao mpaka nikaona haya. Halafu akamgeukia kaka yangu mkubwa Mwaringa, aliyekichonga.

"Hata bila kaburi?"

"Hata bila kaburi, mama."

"Mimi nina mdogo wangu. Miki."

Nilijua habari zake kijuujuu tu: kwamba ni Myahudi wa Hungaria, kwamba Wanazi waliwamaliza watu wake, kwamba vita vilipokwisha alitolewa kambini peke yake, akalelewa Italia katika nyumba ya mayatima. Picha hana hata moja. Miki sikuwahi kumsikia. Kumbe duniani kote anayemkumbuka ni yeye tu, na akifa jina linakwenda naye.

Nilidhani Mwaringa atakataa. Ni mgumu yule, hata mimi dada yake hunijibu nusunusu. Lakini aliokota kipande cha mti kilichobaki, akakaa chini, akaanza kuchonga. Kibao kidogo, urefu wa mkono wa mtoto.

"Miki wa nani?"

"Wa Andor, baba yetu."

"Alikuwa na miaka mingapi?"

"Sita."

Akakisimika kando ya Fondo. Akainua kibuyu cha mnazi, kisha akasita.

"Mtoto hanywi mnazi. Alipenda kula nini?"

Hata mimi ningeuliza hivyohivyo. Mama Suzana akaniegemea.

"Mkate," alisema. "Kule kambini aliniachia mkate wake nimshikie, alale. Nilikuwa na miaka minane. Nikaula. Asubuhi hakuamka."

Miaka themanini! Mwanamke huyu anayenicheka nikiunguza chapati, anayeimba bafuni, anayelisha paka wa mtaa mzima, kumbe alikuwa na hilo kifuani muda wote huo. Nilimstaajabia hadi nikaogopa. Sikujua binadamu anaweza kubeba kitu kama hicho na bado akaamka kila siku akachana nywele.

Mwaringa hakumpa pole. Alinituma dukani, na niliporudi na mkate akaniashiria nisiuweke mimi.

"Mpe wewe, mama. Alikuachia wewe."

Mama Suzana aliuweka mkate mzima mbele ya kile kibao, hakuumega. Alisema maneno kwa lugha ambayo sikuwahi kumsikia akiisema. Tukamwacha.

Baadaye kuku wakaunusa mkate, wakaja. Nikainuka niwafukuze, lakini Mama Suzana, ambaye hasimami bila mimi, alikuwa ameshasimama na fimbo yake mkononi. Akawatimua wote. Kisha akakaa tena palepale mchangani mpaka jua likapoa, akimshikia Miki mkate wake.