Unga wa Sanduku Tupu

Mellen alikuwa amemwambia Byron waziwazi, tena mbele ya mashahidi: mazingaombwe kwanza, unga baadaye, na hivi viwili visikutane. Unga ukae juu ya meza, kila mtu auone, uombewe, ugawiwe. Byron akaitikia, "Sawa, Mama Duke, sawa kabisa," kwa ile sauti ya vijana ambao masikio yao yameshatoka nje kucheza.

Byron alikuwa fundi wa simu mjini Migori, na mwenzake, Liz, alifundisha chekechea. Mazingaombwe walijifunza kwa kutazama video, na sikukuu hii walitaka kuwafurahisha wajane wa Masara, akina mama ambao waume zao walifukiwa kwenye mashimo ya dhahabu. Unga ulichangwa na marafiki zao. Mellen, mjane vilevile, aliongoza Dorkasi, yaani akina mama wa kanisa wanaotunza wasiojiweza. Yeye ndiye aliyewaombea uwanja wa kanisa. Mzee wa kanisa alisitasita, Mellen akamhakikishia kwamba ni michezo ya mikono tu, hakuna kingine.

Basi leso zilipogeuka rangi, na shilingi ikatolewa kwenye sikio la Scovia, mmoja wa wajane, watu walicheka na Mellen akapumua. Kisha Byron akaleta sanduku lililofunikwa kitambaa cheusi. Akalifungua, akalizungusha mbele ya watu wote. Tupu. Akalifunga, akalipuliza, akanong'oneza maneno yasiyo ya lugha yoyote inayosemwa kuanzia Ndhiwa hadi mpakani. Akatoa pakiti ya unga. Akatoa nyingine. Na nyingine.

"Bwana, huyu mtoto nilimwambia," Mellen akaomba kimoyomoyo.

Kicheko kilikatika. Byron alidhani wameshangazwa na ufundi wake, akainama, akampelekea pakiti ya kwanza bibi Nyasuguta, mkongwe kuliko wote, aliyekaa mbele. Nyasuguta akarudisha mikono ndani ya shuka.

"Huo umetoka wapi, mjukuu wangu?"

"Kwa sanduku, shosho. Si umeona mwenyewe?"

"Nimeona. Lilikuwa tupu. Sasa ni ghala la nani limepungua? Nikila unga wa mtu nisiyemjua, kesho akija kudai atachukua nini kwangu? Nina mjukuu, sina kingine."

Bitutu, aliyekaa nyuma yake, akamfunga mtoto mgongoni na kuanza kutafuta viatu vyake. Wengine nao wakainuka, kikapu baada ya kikapu, vikiwa vitupu kama vilivyokuja. Mellen aliwajua mmoja mmoja. Wengi walikuwa hawajaacha chochote jikoni, kwa sababu yeye mwenyewe aliwaambia wasihangaike, sikukuu hii watapika.

Akamvuta Byron kando kwa ukosi wa koti lake la kung'aa.

"Fungua hilo sanduku uwaonyeshe."

"Mama Duke, siri ya mazingaombwe haitolewi."

"Siri gani? Si uliiona kwa simu?"

"Ni sheria yetu."

"Na yule aliyeitunga atakuja Masara kuwapikia hawa?"

Liz alikuwa ameshika leso zake zote mkononi. "Byron, waonyeshe tu."

"Tukionyesha, onyesho la Homa Bay limekufa. Habari itafika huko kabla yetu."

"Habari inayoondoka hapa sasa hivi," Mellen akasema, "ni ya kijana anayetoa unga wa majini. Hiyo ndiyo unataka ikutangulie?"

Byron akatazama langoni, ambako Bitutu alikuwa ameshafika. Akashusha pumzi. Akalirudisha sanduku mbele, akalilaza ubavu, akang'oa ubao uliopakwa rangi nyeusi. Chini yake pakiti zilizobaki zilikuwa zimebanana, kila moja na karatasi ya bei ya duka.

Nyasuguta akaja polepole. Akaingiza mkono, akagonga ubao, akaikwaruza ile karatasi kwa ukucha.

"Kumbe ulitudanganya."

"Ndiyo, shosho."

"Uwanjani kwa kanisa."

"Ndiyo."

Mellen akafumba macho. Haya, wametoka kwa majini, wameingia kwa uongo. Sasa atamweleza nini mzee wa kanisa?

Lakini Nyasuguta alikuwa ameshachukua pakiti, akaipima kwa kiganja na kuitia kikapuni. "Mwongo si neno," akasema. "Waongo nimewazaa, nimewalea. Bitutu, rudi, ni unga wa duka."

Wakarudi. Mellen akaubeba unga wote hadi mezani, akauombea, akaanza kugawa, huku hasira ikiwa bado kifuani mwake. Nyuma yake alimsikia Nyasuguta:

"Na ile shilingi ya sikio la Scovia, nayo uliificha wapi?"

"Shosho, tafadhali."

"Na leso?"

Byron akamtazama Mellen kama mtu anayezama. Mellen hakugeuka. Alikuwa anagawa unga juu ya meza, mbele ya watu wote, kama alivyosema tangu mwanzo.