Mikono Miwili ya Kushoto

Shangazi yangu amekata nguo miaka ishirini na miwili bila kuharibu hata pindo. Siku alipokata mikono miwili ya kushoto kwenye gauni la mtu, cherehani zote za karakana yetu zilinyamaza.

Kosa lile kila fundi analijua. Kitambaa hukunjwa, ukakata mara moja ukapata mkono wa kulia na wa kushoto. Yeye alikitandaza bila kukunja, akakata mara mbili. Mimi nilikuwa mkabala naye nikishona vifungo, nikaona kilichotangulia: shingo yake iliiva kwa joto, jasho likamtiririka hadi kidevuni, akawa anakata mbiombio kama aliyeanika nguo akaona mvua.

"Sasa mkono wa kulia mwenye gauni atavaa nini?" mpiga pasi akauliza. Watu wakacheka. Shangazi hakucheka.

Bosi wetu, mama wa maneno machache, akaja akavitazama vile vipande. "Jumamosi kuna satini ya bibi harusi. Haina ya ziada. Ukiona huwezi, sema mapema, nikupe vifungo, mkasi nimpe mwingine."

Kumpa Shangazi vifungo ni kama kumpa dereva kazi ya kuosha gari. Tulipofika nyumbani ndipo aliponiambia, amegeukia ukuta: "Mwezi wa kumi na nne huu sijaona siku zangu. Joto linanipanda kama nimewashiwa jiko tumboni. Nazeeka, mwanangu."

"Umeenda zahanati?"

"Niende nikaseme naumwa utu uzima?"

Nilimpeleka nikimvuta kama mbuzi. Muuguzi alimpima presha na damu, akasema si ugonjwa, ni hedhi imekoma, na kila mwili una vitu vinavyouchokoza. "Tafuteni vyake. Yakizidi, rudini, dawa zipo."

Shule niliishia la saba, lakini kutazama hakuhitaji cheti. Kila joto lilipompanda niliweka alama ya chaki chini ya ukingo wa meza: duara kama ametoka kunywa chai, mstari kama pasi inafuka mvuke ubavuni mwake. Siku ya tatu nikainama kusoma. Maduara yalijaa, mistari ikayafuata.

"Unanichunguza kama mwizi!"

"Mwizi ni chai, Shangazi. Tena ile ya moto, nyeusi tii, yenye pilipili manga."

Aliiacha kwa matusi. Siku mbili kichwa kilimuuma, na sote tulilipia. Koti lake la kazi la nailoni akalivua, akajishonea la pamba, pana, lisilobana shingo. Jioni tukawa tunarudi kwa miguu, na usingizi ukaanza kumjia. Meza tuliisogeza dirishani, mpiga pasi akihema: "Hii meza imekula nini?"

Joto halikwisha. Lilipungua tu, na sasa alilijua linavyoanza.

Jumamosi satini ikatandazwa. Bosi akasimama pale pale, mikono kifuani. Shangazi akakunja kitambaa, pande nzuri zikitazamana, akabana pini. Alipoinua mkasi nikaona shingo inaanza kuiva. Nikajichoma sindano.

Akauweka mkasi chini. Akarudi nyuma hatua mbili ili jasho lisidondokee satini, akajikanda viganja kwa kitambaa kilicholowa maji, akawa anavuta pumzi polepole.

"Nini?" bosi akauliza.

"Joto la umri. Nikikata sasa nitaharibu. Nikingoja, sitaharibu."

Bosi alitazama saa mara moja, kisha hakuitazama tena. Shangazi akajifuta, akakausha mikono vizuri, akashika mkasi. Ulipita kwenye satini bila kusita, kona kwa kona. Alipofunua, mkono mmoja ulilala huku, mwenzake ukatazama kule.

Bosi akauinua mmoja akauweka bega la kulia, wa pili la kushoto, akajitazama kiooni.

"Kata na kifua," alisema. Hakuondoka. Akainama kidogo, akashusha sauti, lakini masikio yangu hayana pazia. "Hilo lako hupita baada ya dakika ngapi?"

"Tatu, nne."

"Langu kumi."

Shangazi akamtazama, kisha akamsogezea kiti dirishani. Miaka yote niliyofanya kazi pale, sikuwahi kumwona bosi akiketi kati yetu. Aliketi.