Kaa Wadogo wa Sampuli

Vidole vya Ajwang vilikuwa vimekufa ganzi ndani ya barafu, lakini kazi vilikuwa vinaijua. Vilipita kaa wakubwa, vikachukua wadogo kumi na wawili, vikawatia kwenye mfuko wa maabara. Mwaka wa tatu sasa, kila mwezi ndivyo, katika ghala la vyakula vya bahari nyuma ya Kenyatta Market. Alidhani wakubwa hawapelekwi kupimwa kwa sababu ya bei. Tajiri na hasara wapi na wapi?

"Mama, mbona wadogo tu?" aliuliza Mehreen, binti mgeni wa maabara. Aliyemtangulia alikuwa akipokea, anatia sahihi, anaenda zake.

"Si ndio huwa tunawapea."

"Zebaki, hiyo sumu tunayopima, hujilimbikiza mwilini. Kaa akizeeka, nayo inazidi. Nikipima watoto nitajuaje wale wazee wana kiasi gani?" Akashusha sauti. "Hao wakubwa mjamzito asiguse. Inaingia kwa ubongo wa mtoto."

Mikono ya Ajwang ilibaki humo humo barafuni. Wakubwa waliovunjika gando hoteli huwakataa, kwa hiyo kila Ijumaa hugawiwa wafanyakazi. Bintiye Ivyne, kule Waithaka, alikuwa na mimba ya miezi saba, na hakuna supu nyingine ila ya kaa hao iliyokaa tumboni mwake tangu ianze kumsumbua. "Mum, huyu mjukuu wako ni Mjaluo wa Mombasa," humtania.

Ajwang akamwopoa kaa mkubwa kuliko wote, akamtumbukiza mfukoni.

"Wee Ajwang!" Kiilu, msimamizi, alikuwa amesimama mlangoni. "Unafanya nini hapo?"

"Apime na huyu. Nataka kujua."

"Kujua? Uliandikwa kujua ama kuosha?" Alicheka peke yake. "Madam, msamehe huyu mathe, uzee umemwingia. Toa hiyo kitu."

Mehreen aliitazama fomu yake, akamtazama kaa. "Sisi tunapima chenye mteja ametuma," alisema, akiongea na ukuta. "Na mteja ni kampuni." Akamtoa kaa kwa vidole viwili, akamrudisha kwenye barafu taratibu, kana kwamba angeamka.

"Na msichana wangu je? Miezi tano amekula."

Mehreen alifunga zipu ya mfuko.

Saa ya kutoka, Kiilu mwenyewe alimletea kaa wanne kwenye mfuko wa nailoni wa kampuni, maradufu ya siku zote. "Pelekea msichana. Na Jumatatu usikuje. Tutakupigia."

Ajwang aliwatupa kwenye pipa la taka nyuma ya vibanda vya nyama choma. Hajapiga hatua kumi akasikia nailoni ikichakarisha. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni alikuwa ameshauinua mfuko, anaupima uzito kwa mkono.

"Wachana nayo, dada! Iko na sumu!"

"Sumu?" Mwanamke aligeuza mfuko, akapitisha kidole juu ya karatasi ya kijani iliyobandikwa. "Hapa wameandika imepimwa, ni salama. Ama wewe ndio maabara?"

"Nafanya huko. Nakuambia ukweli."

"Unafanya huko na unatupa? Ukishashiba, mathe, wachia wengine."

Akaufunga mfuko ndani ya leso, chini ya miguu ya mtoto, akapotelea kati ya vibanda.

Simu ikalia. Ivyne.

"Mum, umefika wapi? Nishabandika maji."

Ajwang aligeuka kuangalia vibanda alikopotelea yule mwanamke.

"Mum? Si uko na kaa?"